Kizingo: shajara ya terzeti yetu ya klarineti, viola na piano

Februari 4

Tumekubaliana. Watu watatu, kazi moja, hadi mwisho wa Mei: terzeti ya Mozart ya klarineti, viola na piano, ile ya E-flati kubwa yenye namba K. 498 katika orodha ya kazi zake. Ina sehemu tatu na huchukua kama dakika ishirini. Tutaipiga katika ukumbi huu huu wa kanisa tunamofanyia mazoezi, bila kipaza sauti, kwa yeyote atakayekuja.

Wapigaji ni hawa. Piano ni ya Mwalimu, ambaye amepiga kinanda kanisani kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Bado anafikiri kwa do-re-mi ya kwaya. Ukimtajia E-flati anasema "doh iko hapo" na mikono inajua pa kwenda. Fidla, ambayo kwa kazi hii lazima iwe viola, ni ya mdogo wangu mmoja anayepiga taarabu Unguja na huku Dar es Salaam. Hatuna udugu wa damu, ila tangu tujuane ananiita dada nami namwita mdogo wangu. Mimi ni klarineti. Nilifundwa katika bendi ya kanisa, katikati ya matarumbeta, ambako ukipiga kwa upole hakuna anayejua kama upo.

Muziki wa vikundi vidogo wa Ulaya umejaa kazi zinazodai watu tusio nao. Septeti ya Beethoven, Opus 20, inataka klarineti, horni, basuni, fidla, viola, selo na besi kubwa. Okteti ya Schubert ya 1824 inachukua hao wote na kuongeza fidla ya pili. Naziota kazi hizo. Lakini terzeti hii inataka watatu, na watatu tupo. Na tusingekuwa watatu ningewatafuta, kwa sababu tangu niisikie mara ya kwanza haijanitoka: vyombo vitatu vyenye sauti za wastani, hakuna anayepaza, na bado huwezi kumtoa hata mmoja.

Februari 11

Viola imefika kwa boti ya mchana, ndani ya boksi lake lililozungushiwa kanga mbili. Mwenyewe ametuazima hadi Juni. Ukiiweka kando ya fidla inaizidi urefu kwa upana wa vidole vitatu hivi. Nyuzi zake ni C, G, D na A: ule uzi mwembamba wa E wa fidla haupo, na chini pameongezwa uzi mnene wa C. Mdogo wangu aliuburuza upinde kwenye uzi huo mara moja, pole pole, akaacha sauti ife yenyewe. Akaburuza tena.

"Dada, hii inasemea kifuani."

Kazi iko kwenye nota. Viola ina ufunguo wake wa kuandikia, ambao C ya kati inakaa kwenye mstari wa katikati, kwa hiyo kila anachokiona kwenye karatasi si kile ambacho macho yake yamezoea. Isitoshe, nyimbo zake nyingi alizipata kwa kukaa karibu na mkubwa wake na kusikiliza, si kwa kusoma. Nilijitolea kumwandikia upya kwa ufunguo wa fidla. Akakataa. Alisema akishajifunza njia ya mkato kwa kazi hii, ijayo itamkuta pale pale.

Tumepatana hivi: nampigia sehemu yake kwa klarineti, taratibu, narekodi kwenye simu, naye anasikiliza huku kidole kinafuata karatasi. Noti za chini kabisa za viola klarineti yangu haizifikii, hapo naimba.

Februari 18

Tumekwama kwenye kipimo cha kwanza. Simaanishi ukurasa wa kwanza. Kipimo cha kwanza.

Kazi hii inafunguliwa na viola na piano pamoja, wimbo mmoja, kwa nguvu, na mimi nikisubiri. Sauti inashika doh, kisha inafanya kitu kidogo cha haraka: inapanda kwa jirani wa juu, inarudi, inamgusa jirani wa chini, inarudi. Wazungu wanakiita grupeto. Sisi tumekiita kizingo, kwa sababu kinapinda kama barabara inayozunguka mwamba na kurudi kwenye mstari wake. Ni kitu cha kufumba na kufumbua. Lakini sehemu yote ya kwanza imejengwa nacho. Kinatoka kwa huyu kinaingia kwa yule, kikicheka hapa, kikiuliza pale, na kama hakijakaa sawa basi hakuna kilichokaa sawa.

Mwalimu alikipiga noti zote zikiwa sawasawa, kama punje za tasbihi. Mdogo wangu alichelewa kidogo juu, akateleza kurudi, akaigusa ile ya chini kama anayeionea huruma. Kila mmoja peke yake, kizuri. Pamoja walikuwa watu wawili wanaopita mlango mmoja kwa wakati mmoja.

Hapa nataka niandike kwa kirefu kidogo, maana nimekaa nalo wiki nzima. Katika taarabu fidla tatu, kanuni ya nyuzi na nai ya kupuliza zinaweza kubeba wimbo mmoja, kila mmoja akitia madoido yake, na utamu unatoka humo humo kwenye kutofautiana. Anayepiga kama mwenzake noti kwa noti huonekana hana kitu. Mdogo wangu amekulia katika adabu hiyo, na ni adabu kubwa. Sasa anawekwa mbele ya karatasi ambayo mwandishi ameandika pambo lenyewe, noti baada ya noti, na kuwapa watu wawili walipige kwa pumzi moja. Aliuliza, bila hasira:

"Kwa hiyo, Mwalimu, mimi hapa sina changu?"

Mwalimu hakumjibu. Alifunga kifuniko cha piano akatuambia tusimame tuimbe. Doh, re-doh-ti-doh. Tukaimba kama wanakwaya wa sauti ya tatu, tena na tena, mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Koo hazikubishana hata mara moja. Ndipo tukarudi kwenye vyombo.

Kati ya mara kumi, tatu zilikutana. Naandika hesabu hii ili tuwe na pa kuanzia.

Februari 25

Fundi wa piano amekuja. A ya piano ya ukumbi, ambayo ingetakiwa iwe mitetemo 440 kwa sekunde, aliikuta 434, na nyingine zikipishana huku na huko kwa sababu ya joto na chumvi ya hewa ya huku. Nilimwomba aipandishe hadi 440. Alifungua ubao wa chini akanionyesha kutu kwenye nyuzi za besi. Piano ina nyuzi zaidi ya 200, na zote kwa pamoja zinavuta fremu kwa uzito unaohesabiwa kwa tani. Ukiipandisha ya zamani kwa mkupuo, nyuzi zenye kutu zinakatika moja moja. Alishauri tuiache ilipo, yeye aisawazishe ndani kwa ndani, sisi ndio tuifuate.

Viola haina shida, unazungusha kigingi. Klarineti ndiyo yenye kisa. Kuishusha unavuta kile kipande kifupi cha juu, pipa, unaacha upenyo kati yake na mwili wa chombo. Lakini upenyo huo hauzishushi noti zote kwa kiasi kimoja: zile za koo, zinazopigwa karibu mashimo yote yakiwa wazi, zinashuka sana, na zile za chini kabisa zinashuka kidogo tu. Halafu joto. Hewa ya moto hupandisha sauti ya klarineti, na ukumbi wetu saa kumi jioni si wa mchezo. Nilivuta milimita tatu na bado nilikuwa juu ya piano, huku noti za koo zikilalamika.

Mzee mmoja tuliyepiga naye bendi zamani ameniazima pipa refu zaidi. Nikiliweka hilo, upenyo unabaki mdogo na noti zinakaa karibu na udugu wao. Siku hizi wanaopiga muziki wa Mozart kwa vyombo vya enzi zake huchagua A ya 430 hivi. Kutu imetusogeza karibu na Vienna.

Machi 4

Leo mazoezi yaligeuka darasa la historia, kwa swali la Mwalimu. Alitaka kujua sehemu ya piano iliandikiwa nani, kwa sababu alisema inamheshimu mpigaji bila kumtaka ajioneshe. Nimeshawahi kuyasoma haya, nikawaeleza.

Mozart aliiingiza terzeti hii kwenye daftari la kazi zake kwa tarehe 5 Agosti 1786, Vienna, miezi mitatu baada ya opera yake ya Figaro kuoneshwa mara ya kwanza. Ilikuwa ya watu anaowapenda. Nyumba ilikuwa ya Nikolaus Joseph von Jacquin, mtaalamu wa mimea, ambako watu walikusanyika kuzungumza na kupiga muziki. Mwanawe Gottfried alikuwa rafiki wa Mozart; binti yake Franziska, bado msichana, alikuwa mwanafunzi wake wa piano, na Mozart alimsifu katika barua kwa Gottfried kwa bidii yake. Piano ikawa ya Franziska. Klarineti ikawa ya Anton Stadler, ambaye baadaye Mozart alimwandikia kwinteti ya 1789 na koncheto ya 1791. Viola akaishika Mozart mwenyewe.

Hapo mdogo wangu akanyanyua kichwa. "Mwenyewe alipiga hii yangu?"

Ndiyo. Alipiga piano kuliko wote mjini na fidla alifundishwa na baba yake aliyeandika kitabu cha kuifundisha, lakini akiwa na marafiki alipenda kukaa kwenye viola. Michael Kelly, mwimbaji wa Ireland aliyekuwamo katika Figaro, ameeleza jinsi alivyosikiliza kwarteti ya watunzi wanne huko Vienna: Haydn fidla ya kwanza, Dittersdorf ya pili, Vanhal selo, na Mozart viola. Katikati, anakosikia juu na chini kwa pamoja.

Kuna jina limeigandia terzeti hii, Kegelstatt, yaani uwanja wa mchezo wa kuangusha vigingi kwa mpira, na hadithi kwamba aliitunga huku akicheza. Maneno ya kutunga katikati ya mchezo huo aliyaandika kweli, ila kwenye duo zake za horni, K. 487, siku chache kabla, Julai 27. Jina lilihamia huku baadaye. Sisi hatulitumii.

Na mchapishaji Artaria alipoitoa mwaka 1788, aliiandika kuwa ya piano, fidla na viola, klarineti ikitajwa kama mbadala wa fidla. Wenye klarineti majumbani walikuwa wachache, na karatasi lazima ziuzwe. Naelewa, ila inaniuma kidogo.

Machi 11

Mwalimu anapiga kwa mkono wa kinanda cha kanisa: kidole kikishuka kinakaa. Leo tumefanya kazi ya kuupunguza uzito huo. Piano za Vienna za wakati ule zilikuwa na oktava tano, fremu ya mbao, na nyundo ndogo zilizovikwa ngozi. Sauti ilitoka haraka na kufa haraka. Mkono wa kushoto ungeweza kutembea chini ya viola bila kuifunika. Piano yetu ya chuma, kwa noti zile zile, inaimeza.

Tuliisogeza kutoka ukutani, maana piano ya kusimama inasemea mgongoni, tukatundika blanketi nyuma yake. Mwalimu akaacha pedali kabisa kwa ukurasa mzima. Viola ikatokea kama mtu aliyekuwa nyuma ya pazia.

Kizingo: tano kati ya kumi.

Machi 18

Siku yangu mbaya. Klarineti ya B-flati inaandikiwa noti moja juu ya inavyosikika, kwa hiyo E-flati ya wenzangu kwangu ni F, na wimbo wa sehemu ya kwanza unakaa karibu na daraja, pale ambapo noti za koo zinaishia na ngazi ya juu inaanza. Kuvuka hapo ni kutoka noti inayoshikwa kwa kidole kimoja viwili hadi noti inayofunga takriban mashimo yote. Usipovifunga vidole kwa pamoja inatoka kuku, yaani mlio mkali usioutaka. Leo ametoka kuku, na tena, na tena.

Sehemu ya kosa ni ridi. Hewa imeanza kubeba mvua na ridi zangu, vile vijiti vya tete, zimelowa unyevu hata kabla sijazitia mdomoni. Ncha inajikunja kama jani. Nilinunua boksi jipya mjini, duka moja, nikaambiwa ni namba mbili na nusu. Nyumbani nikakuta tatu, zote. Ngumu kwa kazi ya kupiga chini chini. Nimezikwangua mbili kwa wembe na msasa laini, kwenye kioo, kidogo kidogo kutoka katikati kuelekea ncha, nikiinua kwenye taa kuona kivuli kinavyokaa. Moja imekufa. Moja imefufuka.

Nimeanza kupiga mazoezi ya kuvuka daraja nikiwa nimekiacha kidole cha mkono wa kulia chini muda wote, hata kwenye noti za koo, ambako hakiharibu kitu. Kazi ya kuvuka inapungua nusu. Walimu wa klarineti wanaijua mbinu hii. Mimi katika bendi sikuwahi kuihitaji, kwa sababu tarumbeta zilifunika kuku wote.

Aprili 1

Ramadhani imeingia, na mwaka huu imekutana na Kwaresima, kwa hiyo watu wawili kati ya watatu wamefunga kila mmoja kwa namna yake. Tumeyasogeza mazoezi hadi saa kumi, tumalize mapema mdogo wangu awahi futari. Chupa yangu ya maji naiacha nje. Viola ni nzito kwa mkono usiokula tangu alfajiri, hivyo hatukupiga chochote zaidi ya mara mbili.

Kisha mvua. Ukumbi ni wa mabati, na masika yalivyoshuka sikuweza kusikia hata pumzi yangu. Tulingoja. Haikukatika. Mwalimu akasema tupige hivyo hivyo.

Tulipiga sehemu ya kwanza yote bila kusikiana. Nilichokuwa nacho ni macho tu: kiwiko cha mdogo wangu kinapoinuka kabla ya upinde kugusa uzi, mabega ya Mwalimu yanapopanda kabla ya mkono kushuka. Niligundua kwamba mdogo wangu anavuta hewa puani kabla ya kizingo, kila mara, na kwamba Mwalimu tangu Februari anatazama karatasi wakati huo. Nikamwambia, kwa kupiga kelele, "Mwalimu, mtazame pua!" Akamtazama.

Mvua ilipopungua tulikuwa bado pamoja. Sijui tulianza kuwa pamoja saa ngapi.

Kizingo: nane.

Aprili 8

Ukumbi una maandalizi ya Pasaka. Hatukukutana. Nimefanya minueti peke yangu.

Aprili 15

Minueti iko B-flati kubwa, mwendo wa tatu, na haina unyenyekevu wa dansi ya sebuleni, inakanyaga. Mapema leo imekaa bila taabu nyingi, kwa hiyo naipita.

Kinachostahili wino ni sehemu yake ya kati, ya G ndogo, ambayo kwa desturi huitwa trio. Hapo mimi nina noti nne tu, za kusogea kwa hatua fupi, kama mtu anayeita mlangoni asiye na hakika kama wenyewe wapo. Viola inajibu kwa tripleti, tatu tatu tatu, zikikimbia chini ya mkono. Naita tena. Inakimbia tena. Katika muziki mwingi wa wakati ule viola inajaza katikati ya chungu. Hapa Mozart amejiandikia mwenyewe kitu cha kutokwa jasho, akamwachia Stadler noti nne.

Mdogo wangu alikuwa akizipiga tripleti zote kwa nguvu moja, kwa wasiwasi wa kuzikosa. Mwalimu alimuuliza: ungekuwa unapiga bashrafu, ule muziki wa vyombo vitupu wa taarabu, ungezipigaje? Akafikiri. Akazipiga upya, kila kundi likiegemea noti yake ya kwanza kidogo na kuachia zile mbili zitiririke, upinde ukiwa karibu na ncha, mwepesi. Chumba kilibadilika. Hakuongeza hata noti moja kwenye karatasi, hakupunguza. Lakini hakuna mtu mwingine duniani ambaye angezipiga hivyo.

Mwalimu aligeuka kwenye kiti chake. "Uliniuliza Februari kama una chako."

Mdogo wangu alikuwa anapaka dawa ya upinde, hakuinua macho. Alitabasamu tu.

Aprili 22

Idi. Tumekula pilau kwao. Hakuna aliyegusa chombo.

Aprili 29

Rondo. Kwangu hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu inaonekana rahisi. Naanza mimi na wimbo wenyewe, halafu piano inaupokea, na wimbo huo utarudi mara kadhaa kati ya safari nyingine. Imeandikwa Allegretto, upesi wa wastani, si Allegro, upesi wenyewe. Tulibishana nusu saa. Mwalimu anataka mwendo wa kutembea na mtu unayempenda. Mimi nilitaka upesi zaidi, na nakiri hapa kwamba nilitaka upesi ili pumzi inifikishe mwisho wa mstari. Tuliwasha metronomu, tukajaribu mwendo wangu. Tulipofika kwenye vifungu vya haraka vya piano, vidole vya Mwalimu viliviweza, lakini wimbo ulikuwa umeacha kuimba. Mwendo wake ndio wa kweli. Nimepata pa kuvuta hewa katikati ya mstari wa kwanza, pumzi ya mwizi, pembeni mwa mdomo.

Safari ya C ndogo ni ya viola. Baada ya utamu wote ule inaingia kwa nguvu, sauti nene, kama mjomba aliyenyamaza kikao kizima. Uzi wa C wa viola hii ya kuazima una mkwaruzo pale unapobanwa sana. Uzi mpya mmoja unauzwa bei ya kushangaza na haupatikani hapa mjini kwa wiki hii. Mdogo wangu amehamisha upinde mbali kidogo na daraja la nyuzi, akapunguza mkandamizo na kuongeza mwendo wa mkono. Mkwaruzo umebaki, ila sasa unafanana na hasira, na mahali hapo hasira inafaa.

Mei 6

Tumeanza kufikiria cha kuongeza kwenye jioni hiyo, maana dakika ishirini ni fupi. Waliofuata njia ya Mozart kwa vyombo hivi hivi vitatu ni wachache. Schumann aliandika vipande vinne, Opus 132, mwaka 1853. Max Bruch aliandika vinane, Opus 83, vilivyochapishwa 1910, yeye akiwa ameshapita miaka sabini, kwa ajili ya mwanawe Max Felix aliyekuwa mpiga klarineti. Vya Bruch vinanivutia, vina kiza kizuri, lakini vingine vinataka klarineti ya A na sina. Tumechukua kipande cha tatu cha Schumann, G kubwa, cha taratibu. Klarineti na viola zinaimba bega kwa bega na piano inatiririka chini. Wiki tatu zinatosha kwa hicho kimoja.

Mei 20

Mazoezi ya mwisho kabla ya wiki yenyewe, na yote yalikuwa ya viti. Inashangaza jinsi hatua mbili za kiti zinavyoweza kuharibu kazi ya miezi mitatu. Piano ya kusimama inamlazimisha Mwalimu kutupa mgongo. Tumeigeuza kando ili atuone kwa jicho la kushoto, na tumemweka mdogo wangu karibu naye kabisa, mdomo wa viola ukitazama watu, ili pua ionekane. Mimi niko upande wa pili, nimerudi nyuma kidogo, kwa kuwa klarineti hata ikinong'ona inafika mbali.

Tumepiga yote, mwanzo hadi mwisho, bila kusimama. Kizingo sikukihesabu. Nimekumbuka kwamba sikukihesabu nilipokuwa kwenye daladala.

Mei 27

Imefanyika. Watu arobaini hivi, viti vya plastiki, madirisha wazi. Umeme ulikatika dakika chache kabla ya kuanza. Tukawashiwa taa mbili za kuchaji, moja juu ya piano na moja kati yangu na mdogo wangu, na feni zilipozimika ukumbi ukawa kimya kuliko tulivyowahi kuusikia. Joto likapanda, klarineti nayo. Nilivuta pipa nusu milimita zaidi na kuomba Mungu.

Kwanza Schumann. Kisha Mozart. Kizingo cha kwanza kilitoka kwa pamoja kiasi kwamba sikujua kipi ni chuma na kipi ni uzi. Kwenye rondo B-flati moja ya piano ilinasa kwa unyevu, ikabaki chini. Mwalimu aliinyanyua kwa kidole gumba huku vidole vingine vikiendelea, bila kuukata mwendo. Mimi nilitoa kuku mmoja, kwenye daraja, mahali palepale pa Machi. Vingine vyote vilikaa.

Mkubwa wake mdogo wangu alikuwa amevuka kutoka Unguja, yule aliyemkalisha karibu na kumfundisha fidla. Alikaa safu ya mbele, fimbo kati ya magoti, hakutikisika. Makofi yalipoisha akasimama, akaja hadi mbele kwa mwendo wa kutunza, kama anavyotunzwa mwimbaji wa taarabu, akaweka noti ya shilingi elfu kumi kwenye stendi ya viola, juu ya karatasi ya Mozart.

"Ile ya fidla hii kubwa kukimbia," alisema, "dada anaita, yeye anakimbia. Mnaweza kuirudia?"

Mwalimu alirudisha kurasa hadi kwenye minueti. Mdogo wangu aliisogeza ile pesa pembeni kwa ncha ya upinde ili aione mistari. Nikalamba ridi, nikawatazama, nikaita noti zangu nne.